Arjuna alipoweka upinde chini: Bhagavad Gita kwa msomaji wa Kalima

Pembe za ndovu zilizotoka Manyema katika karne ya 19 zilibebwa mabegani mwa watu kwa miezi mingi: Nyangwe na Kasongo hadi Ujiji, Ujiji hadi Tabora, Tabora hadi pwani, kisha kwa chombo hadi Unguja. Habari za Tippu Tip na wenzake waliozifuata huku bara zimeandikwa sana. Waliokaa nyuma yao na daftari la hesabu hawajaandikwa hivyo. Kwa miongo mingi ya karne hiyo forodha ya Sultani wa Zanzibar ilikodishwa kwa kampuni ya Jairam Shivji, familia ya Wabhatia kutoka Kutch, magharibi mwa India. Mali iliyoshuka bandarini ilipita kwao, ikahesabiwa na kutozwa ushuru. Pembe nyingi zilipelekwa Bombay, na huko baadhi yake zikachongwa bangili walizovaa maharusi wa Gujarati na Kutch siku ya ndoa.

David Livingstone alipokuwa Nyangwe mwaka 1871 aliandika kwa uchungu juu ya wapagazi aliotumiwa kutoka pwani. Aliwaita watumwa wa Mabaniani, kwa kuwa walimilikiwa na matajiri wa Kihindu wa Unguja. Hivyo ndivyo Wahindu walivyoingia katika historia ya jimbo letu la Maniema: kwa pembe, kwa nguo na shanga za kununulia pembe, na kwa watu waliouzwa. Kiswahili tunachozungumza Kalima, Kindu na Kasongo kilikuja kwa njia hiyo hiyo. Imani ya wale matajiri haikupanda msafara. Ilibaki Unguja, ndani ya nyumba zao.

Nayo ilikuwa imani ya upole wa kushangaza, ukikumbuka biashara iliyoilisha. Wabhatia wa Kutch wengi ni wafuasi wa mungu Krishna katika njia iliyoasisiwa na Vallabha, mwalimu aliyeishi kati ya mwaka 1479 na 1531. Katika njia hiyo Krishna hutunzwa kama mtoto wa nyumbani. Asubuhi anaamshwa kwa wimbo wa sauti ya chini ili asishtuke. Anaogeshwa, anavishwa nguo za majira, nyepesi wakati wa joto na nzito wakati wa baridi. Chakula kinaandaliwa na kuwekwa mbele yake kabla mtu yeyote wa nyumba hiyo hajaonja. Mchana pazia linavutwa apumzike, usiku analazwa. Sanamu yenyewe inaweza kuwa ndogo kuliko kiganja cha mkono, na mama anayeihudumia hujiona mtumishi wa mtoto huyo siku nzima, akiwa jikoni au akiwa kisimani.

Krishna huyo, akiwa mtu mzima na ameshika hatamu za farasi, ndiye msemaji mkuu wa Bhagavad Gita.

Kalima ya leo inaijua India kwa vitu vyake. Kuna pikipiki za TVS na Bajaj zinazopanda milima yetu, vidonge vya homa vilivyotengenezwa huko, na filamu ambazo baba zetu walizitazama wakalia bila kuelewa neno. Kitabu cha Wahindu, Bhagavad Gita, hatujakifungua. Mimi si Mhindu, wala siandiki ili mtu ahame dini yake. Mji huu una parokia zake, makanisa yake na misikiti yake, na Maniema ni jimbo ambalo Mkristo na Mwislamu wanazikana bila kuulizana. Naandika kwa sababu Gita inaanza na swali ambalo watu wa Maniema tumelilipia kwa damu: mtu afanye nini akiambiwa ainue silaha dhidi ya ndugu zake?

Gita ni fupi. Ina beti 700 katika sura 18, na imo ndani ya Mahabharata, utenzi wa Kisanskriti ambao kwa hesabu ya wenyewe una beti 100,000. Umri wake ni kama miaka 2000. Kwa mafundisho ya Kihindu, Veda ndiyo maandiko yenye hadhi ya juu zaidi, ila Veda ni ya makuhani na wasomi zaidi kuliko ya nyumbani. Gita ndiyo inayokaa kando ya kitanda.

Kisa chenyewe kinahusu watoto wa ndugu wawili. Dhritarashtra alikuwa mkubwa, lakini kipofu, kwa hiyo ufalme ulishikwa na mdogo wake Pandu. Pandu akafa, na watoto wake watano wakalelewa pamoja na watoto mia wa kaka yake. Mkubwa wa wale mia, Duryodhana, aliwanyang'anya binamu zake ufalme kwa mchezo wa dadu wenye hila, wakaenda uhamishoni miaka 13. Waliporudi na kudai haki yao aliwanyima. Wakaomba vijiji vitano tu, akawanyima pia. Krishna, aliyekuwa jamaa wa pande zote mbili, alikwenda mwenyewe kusuluhisha akashindwa. Kabla ya hapo, vita vilipoanza kunukia, alikuwa amewapa binamu hao wachague: upande mmoja uchukue jeshi lake lote, mwingine umchukue yeye peke yake, bila silaha. Duryodhana alifurahi kupata jeshi. Arjuna, mmoja wa wale wana watano wa Pandu na mpiga upinde hodari kuliko wote, alimchagua Krishna awe mwendesha gari lake la farasi.

Ubeti wa kwanza wa Gita unasemwa na Dhritarashtra, yule baba kipofu. Amekaa kasrini kwake, mbali na uwanja wa Kurukshetra, na karibu naye yuko Sanjaya, mtumishi aliyejaliwa kuona kwa mbali yanayotokea vitani. Mzee anauliza walifanya nini waliokusanyika pale, watoto wake na watoto wa Pandu. Ni ubeti wake wa pekee katika kitabu kizima, na chanzo cha vita kimo humo. Aliwalea wote nyumbani mwake. Hata hivyo, anapowataja, wale ni wake na hawa ni wa Pandu. Yeyote aliyesikiliza mikutano ya wanasiasa wa Kivu na Maniema, ambapo raia wa mji mmoja hugawanywa kuwa wa kwetu na wa kuja, anaitambua sauti hiyo mara moja.

Mabaragumu yanapigwa, ardhi inatetemeka. Arjuna anamwomba Krishna alipeleke gari katikati ya majeshi mawili ili awaone wale atakaopigana nao. Anawaona. Yuko Bhishma, babu aliyempakata alipokuwa mtoto. Yuko Drona, mwalimu aliyemfundisha kushika upinde huo huo alionao mkononi. Wako wajomba, wakwe, binamu, marafiki. Mwili unamwishia nguvu, kinywa kinakauka, anatetemeka, ngozi inamwaka moto, upinde unamteleza.

Halafu anatoa hoja, na hoja zake si za mwoga. Ukoo ukiangamizwa, anasema, desturi za ukoo zinakufa nazo. Nyumba inavurugika, wanawake wanaharibiwa, wazee waliotangulia wanakosa wa kuwatolea matoleo yao. Mlega yeyote aliyekulia karibu na wazee wa bwami ataielewa hoja hiyo bila kufafanuliwa. Arjuna anasema ni heri kuomba chakula barabarani kuliko kula chakula chenye damu ya walimu wake. Ni heri auawe bila silaha, bila kujitetea. Anaketi chini ndani ya gari, upinde ameuacha.

Nimewasikia watu wakiieleza Gita kana kwamba sura hii ya kwanza ni mlango tu wa kupitia haraka, na Arjuna ni mgonjwa anayesubiri dawa. Siwaungi mkono. Kindu ilianguka mikononi mwa waasi Februari 1997, ikaanguka tena mikononi mwa waasi wengine Oktoba 1998, na kwa miaka iliyofuata vijana wa ukoo mmoja walijikuta pande tofauti za bunduki. Laiti wangalikuwako wengi wa kuketi chini kama Arjuna, hata kwa saa moja, kabla ya kufyatua. Utenzi uliompa shujaa wake mkubwa sura nzima ya kulia na kukataa ni utenzi unaojua vita ni nini.

Jibu la Krishna linaanza kwa tabasamu, na mwanzoni ni gumu kulipokea. Anasema nafsi haiuawi na silaha, haichomwi na moto. Mwili unaachwa kama nguo iliyochakaa na nafsi inavaa mwingine. Mwenye kujua hilo hamlilii aliye hai wala aliyekufa. Wakristo na Waislamu wa kwetu hatuamini kuzaliwa tena na tena, na hapo njia zinaachana waziwazi. Hata tukiiacha tofauti hiyo, maneno hayo yakitoka katika kinywa cha muuaji yanatisha. Nafikiri mtungaji alilijua hilo, maana hakuishia hapo. Angekuwa ameridhika, Gita ingekuwa na sura mbili.

Kinachofuata ndicho kilichoifanya Gita iishi. Krishna anamfundisha Arjuna kutenda bila kutawaliwa na matunda ya tendo. Mtu ana haki juu ya kazi yake; matokeo yana mikono mingine mingi ndani yake. Hapa Kalima tunao mfano wetu. Mji huu ulijengwa na bati. Wafanyakazi wa kampuni ya Symétain, na baadaye SOMINKI, walichimba na kuosha kasiterite, mawe yenye bati, kwa ustadi uliojulikana. Oktoba 1985 Baraza la Kimataifa la Bati lilishindwa kulipa madeni yake huko London, bei ya bati ikaporomoka duniani kote, na baba zetu wakapoteza ajira bila kosa lolote la mikono yao. Kazi yao ilikuwa njema. Tunda lake liliozea mahali ambapo hawakuwahi kufika.

Fundisho hilo linaweza kupotoshwa, tena kwa urahisi. Tajiri anaweza kulishika ili kumwambia mchimbaji afanye kazi asidai malipo. Gita haisemi hivyo. Mahali pale pale inapomkataza mtu kuabudu matunda, inamkataza pia kukimbilia uvivu kwa kisingizio cha kutoyajali. Inachokataa ni ile hali ya mtu kuwa mtumwa wa faida kiasi kwamba akipata anapanda kichwa, akikosa anavunjika. Wale matajiri wa Unguja waliohesabu pembe na watu katika daftari moja waliishi ng'ambo ya mafundisho ya Bwana wao wenyewe, na ni haki kulisema hilo kama tunavyolisema juu ya Wakristo na Waislamu wa zama hizo.

Sura zinazoendelea zinagusa tafakari, ulaji, tabia za watu, maumbile na Mungu. Sura ya 9 inasema Krishna hupokea hata jani, ua, tunda au maji kidogo, mradi kimetolewa kwa mapenzi, na kwamba wanawake na watu wa matabaka ya chini wanaweza kumfikia. Sura ya 11 ni ya hofu. Arjuna anaomba amwone Krishna alivyo kweli, naye anafunguliwa macho. Anaona vinywa visivyo na hesabu, moto, majeshi yote yakimiminika ndani ya vinywa hivyo na kusagwa. Anatishika, anamsihi arudie umbo lake la kibinadamu, la rafiki aliyezoea kukaa naye na kutaniana naye.

Sura hiyo ya 11 ina kiungo na Kongo ambacho wachache wanakijua. J. Robert Oppenheimer, mwanafizikia aliyeongoza maabara ya bomu la atomiki Marekani, alijifunza Kisanskriti miaka ya 1930 ili aisome Gita kwa lugha yake. Tarehe 16 Julai 1945 bomu la kwanza lilijaribiwa katika jangwa la New Mexico. Miaka 20 baadaye alisema mbele ya kamera ya televisheni, machozi yakimlenga, kwamba mlipuko ule ulimkumbusha Krishna alipojidhihirisha kuwa mwangamizi wa walimwengu. Sehemu kubwa ya uraniamu ya mradi huo ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Jiwe lilichimbwa na Wakongo ambao hawakuambiwa wanachimba nini, na aliyelitumia akakimbilia Gita kutafuta neno la kueleza alichokifanya.

Ndiyo maana swali la jinsi ya kuisoma Gita si la wasomi peke yao. India yenyewe imegombana juu yake. Bal Gangadhar Tilak, akiwa mfungwa wa Waingereza huko Mandalay, aliandika ufafanuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 1915, akisema Gita inadai matendo, na kupambana na dhuluma ni ibada. Mohandas Gandhi aliisoma mara ya kwanza London akiwa mwanafunzi wa sheria, tena kwa tafsiri ya Kiingereza, akaona haya kwamba hakuwa ameisoma kwa lugha za kwao. Mwaka 1893, akiwa kijana wa miaka 23 njiani kwenda Afrika Kusini, meli yake ilitia nanga Lamu, Mombasa na Zanzibar. Baadaye huko Johannesburg alibandika ukutani karatasi zenye beti za Gita, akawa anazisoma kila asubuhi akipiga mswaki, dakika 15, na kuzirudia akioga. Kwa njia hiyo alihifadhi sura 13. Kwake Kurukshetra ni moyo wa mtu, na maadui ni tamaa na hasira. Alisema mwenye kujaribu kuishi kwa Gita kikweli hawezi kushika silaha.

Tarehe 30 Januari 1948 Gandhi aliuawa kwa risasi na Nathuram Godse, Mhindu mwenzake. Mahakamani Godse alijitetea kwa kutaja mfano wa Arjuna aliyewaua jamaa zake. Kitabu kimoja, mtu aliyeuawa na mtu aliyeua. Kila dini yenye kitabu inayo maumivu ya namna hii, na hatupaswi kuyaficha tunapoitambulisha.

Lakini nikisema habari za wanasiasa na wanasayansi peke yao nitakuwa nimeiacha Gita ya wengi. Gita ya wengi inasikiwa zaidi kuliko inavyosomwa, na huimbwa. Mwaka 1290 kijana aitwaye Jnaneshwar, ambaye wazazi wake walitengwa na makuhani, aliieleza Gita yote kwa Kimarathi, lugha ya wakulima na wafua nguo, kwa beti zinazokaribia 9,000. Hakuwa amefikisha miaka 20. Hadi leo, kila mwaka kabla ya mvua kukolea, mamia ya maelfu ya watu hutembea kwa miguu kutoka Alandi, mahali alipozikwa, hadi Pandharpur, mji wa Krishna wanayemwita Vitthal. Safari ni ya wiki tatu hivi. Wanaume wamevaa kofia nyeupe, wanawake wengi wamejitwika chungu chenye mche wa mrehani mtakatifu kichwani, matoazi yanalia, na nyimbo ni za washairi waliokuwa washona nguo, wauza duka na watumishi wa ndani.

Mmoja wa washairi hao nataka wachimbaji wa Kalima wamjue. Chokhamela aliishi katika karne ya 14, naye alikuwa wa jamii iliyohesabiwa najisi. Alimpenda Vitthal, akamtungia nyimbo zinazoimbwa mpaka leo, lakini hakuruhusiwa kukanyaga ndani ya hekalu. Alikufa akiwa kibarua: ukuta waliokuwa wakiujenga uliwaangukia yeye na wenzake. Masimulizi yanasema rafiki yake Namdev alikwenda kutafuta mifupa yake katika kifusi. Mifupa ya vibarua ilikuwa imechanganyika, haitambulikani. Namdev akawa anauweka kila mfupa sikioni, na uliokuwa ukitaja jina la Vitthal akajua ni wa Chokhamela. Akaizika chini ya ngazi za hekalu, nje ya mlango, mahali ambapo angali yupo. Watu wa jamii yake waliruhusiwa kuingia hekaluni humo mwaka 1947, baada ya mwalimu Sane Guruji kufunga kula kwa ajili yao.

Sisi tuliowazika watu waliofukiwa na udongo mashimoni hatuhitaji kuelezwa maana ya kutafuta mfupa wa mtu wako.

Katika Afrika Mashariki ibada ya Krishna ilienea pamoja na reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza waliwaleta Wahindi wapatao 32,000 kujenga njia ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, na nyuma yao wakaja wenye maduka, wengi kutoka Gujarati. Mahekalu yakafuata. Dar es Salaam yako mengi katika mtaa wa Kisutu. Nairobi kuna hekalu la jumuiya ya Swaminarayan lililofunguliwa mwaka 1999, la mawe na mbao zilizochongwa kwa mkono kila inchi. Kampala mahekalu yaliachwa bila waumini mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke, na baadaye yakafufuliwa na waliorudi.

Ukiingia katika nyumba ya familia ya Kihindu katika miji hiyo, mara nyingi utakuta pembe ya chumba au kabati dogo lililotengwa. Humo mna picha ya Krishna, taa ya utambi wa pamba uliochovywa katika samli, kijiti cha ubani, maua, na Gita. Mara nyingi ni kijitabu kidogo cha Gita Press, kampuni ya Gorakhpur iliyoanzishwa mwaka 1923 ili kukiuza kwa bei ambayo maskini anaimudu, na ambayo imekwisha kuchapisha nakala kwa mamilioni. Jioni taa inazungushwa mbele ya picha huku kengele ikilia, kisha kila mtu anapitisha viganja juu ya mwali na kujigusa usoni. Chakula kilichotolewa kinagawiwa, mgeni hasahauliki. Wengine husoma sura moja kila siku. Wapo wanaoisema sura ya 15, yenye beti 20, kabla ya kula. Na mtu akiwa katika saa zake za mwisho, Gita husomwa sikioni pake, tone la maji ya mto Ganges na jani la mrehani likiwekwa mdomoni. Baada ya hapo mwili unachomwa, jambo linalowashtua wengi wetu. Kwa waliosikia habari ya nguo iliyochakaa, moto huo ni heshima.

Je, mlango uko wazi kwa Mwafrika? Kwa muda mrefu ulikuwa nusu umefungwa, na Wahindu waungwana wanakiri hivyo. Jumuiya nyingi zilijifungia katika lugha na ndoa zao. Ila mambo yamebadilika kiasi. A. C. Bhaktivedanta Swami, mwanzilishi wa chama cha Hare Krishna, alifika Nairobi mwaka 1971, akataka wenyeji waimbe na kula pamoja na wafuasi wake. Accra, Swami Ghanananda Saraswati, Mghana aliyezaliwa mwaka 1937, aliongoza monasteri ya Kihindu hadi alipofariki mwaka 2016. Aliyemtawaza alitoka India, lakini waumini wake walikuwa Waghana.

Lipo jambo ambalo Gita haijalijibu vya kutosha machoni pangu. B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyeongoza uandishi wa katiba ya India na ambaye alizaliwa katika jamii ile ile ya Chokhamela, aliilaumu Gita kwa kuupa mgawanyo wa matabaka nguzo ya kimungu. Ni kweli kwamba Krishna anasema aliyaumba matabaka manne, na anamhimiza kila mtu ashike wajibu wa kwake hata kama ni duni. Watetezi husema mgawanyo ule ni wa tabia na kazi, si wa kuzaliwa. Huenda. Lakini kaburi lililo nje ya mlango wa hekalu linanifanya niwe upande wa Ambedkar katika shauri hili. Nasi tunaotoka nchi ambayo mkoloni aliigawa jamii kwa makaratasi, huyu mstaarabu, huyu mwenyeji, tusijifanye hatuelewi.

Na bado naipenda, hasa kwa jambo moja la mwishoni. Katika sura ya 18, baada ya kusema yote, baada ya kujionyesha kuwa ndiye mwenye ulimwengu, Krishna hamwamuru Arjuna. Anamwambia ayatafakari aliyoyasikia, yote bila kuacha, kisha atende apendavyo. Sijui makamanda wangapi wamewahi kumwachia askari wao nafasi hiyo.

Arjuna aliinua upinde tena. Vita vilichukua siku 18, na Mahabharata haiwafichi wasomaji matokeo yake. Katika kitabu cha 11 cha utenzi huo, kiitwacho Stri Parva, wanawake wanashuka uwanjani kutafuta waume na wana wao kati ya mbweha na tai. Gandhari, mke wa yule mfalme kipofu, aliyepoteza wana mia, anamkabili Krishna mwenyewe na kumlaani kwa kuwa aliweza kuzuia na hakuzuia. Krishna anaipokea laana hiyo. Ukoo wake unakuja kuangamia kama alivyotamka mama huyo.

Kwa hiyo, msomaji, ukiipata Gita, na kwa Kifaransa zipo tafsiri nyingi, ile ya Émile Burnouf ya mwaka 1861 na ile ya Émile Senart ya mwaka 1922 zikiwa miongoni mwa zinazojulikana, usikubali mtu akurushe sura ya kwanza akupeleke moja kwa moja kwenye hekima. Isome taratibu, kwa sauti kama unaweza, maana ilitungwa isikike. Ukimaliza ya 18, tafuta pia habari za Gandhari. Sauti zile mbili, ya Krishna garini na ya mama uwanjani, zimo katika utenzi mmoja, na waliozitunga walitaka zisikiwe zote.